“Mkaote moto”, kwa makaa ya nani?

Mama mmoja anayeuza makaa hapa Goma alinishika mkono tulipotoka kwenye somo la Biblia. “Mwalimu, umesema matendo hayaokoi. Basi vile vindoo vya makaa ninavyowapa wahamishwa wa vita, Mungu haviandiki popote?”

Nilianza na Paulo. Katika Warumi 4 anasema mfanyakazi halipwi kwa hisani, anapewa haki yake. Wokovu ungekuwa mshahara, basi Mungu angekuwa na deni kwetu. Ndiyo maana Paulo anashikilia Mwanzo 15:6: Abrahamu alimwamini Mungu, akahesabiwa haki. Tohara, tendo la agano, bado; inakuja sura ya 17, kwa hiyo haki ilitangulia tendo.

Lakini Yakobo naye ananukuu mstari uleule! Tena katika 2:24 anaandika wazi kwamba mtu hahesabiwi haki kwa imani peke yake. Kwingine kokote katika Agano Jipya huyapati maneno hayo, “imani peke yake”. Lile “peke yake” la Warumi 3:28 Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, aliliongeza mwenyewe katika tafsiri yake ya Kijerumani ya 1522. Kwangu mimi hakumpotosha Paulo, ila kuuita waraka wa Yakobo “waraka wa majani makavu”, yaani usio na uzito, hapo alizidisha. (Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunakubaliwa kwa neema, si kwa stahili yetu, naye Roho anatutuma kutenda mema. Mitaani kwetu mabishano yanaendelea kana kwamba halikuandikwa.)

Tazama Yakobo anamchukua Abrahamu wapi: Mwanzo 22, mwanawe Isaka yuko juu ya kuni, tayari kutolewa sadaka. Imani ya sura ya 15 imeshakaa miaka mingi. Paulo anamjibu aliye mlangoni, anayeuliza aingie na nini mkononi. Yakobo anamkabili aliyekwisha kuketi ndani, ambaye akimwona ndugu yake uchi na mwenye njaa anamwambia, “Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba.”

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. “Mkaote moto! Kwa makaa ya nani?”

Nikamwambia vindoo vyake havimnunulii mlango. Vinaonyesha tu kwamba imani yake inapumua. Akanyamaza kidogo, akifuta vidole vyeusi kwenye kitenge.

“Na Rahabu, mwalimu, yule kahaba wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi? Yeye alidanganya, na Yakobo anamsifu.”

Hilo tumeliweka kwa Jumatano.