Radio mbili za goti moja

Hapa Bukavu huendi popote bila kupanda au kushuka, na magoti ndiyo yanayolipa. Akina mama wanaopandisha mizigo kuelekea soko la Kadutu huniletea radio mbili za goti, yaani picha za eksirei, ya zamani na ya sasa, wakiniuliza: "Munganga (daktari), ugonjwa umesonga?" Mara nyingi picha hizo haziwezi kulijibu swali hilo.

Katika atrozi, ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa polepole. Unene wake ni milimita chache tu, na kinachopotea kwa mwaka ni sehemu ndogo ya milimita moja. Goti likipigwa picha likiwa limenyooka, kisha safari ya pili likiwa limekunjwa kidogo, mkao peke yake waweza kubadilisha nafasi kati ya mifupa, ambako gegedu hukaa, zaidi ya ugonjwa wenyewe. Ni kama kumpima mtoto urefu leo akiwa na viatu, mwakani akiwa pekupeku.

Kwenye picha za IRM (MRI, zinazopigwa kwa sumaku), kompyuta hutusaidia kuzioanisha. Programu huisogeza picha ya pili pande tatu na kuizungusha pande tatu, mpaka iikalie ya kwanza. Kwa fuvu hilo linatosha. Kwa goti halitoshi, na hapa ndipo wanafunzi hukwama: mfupa wa paja, muundi na pia ya goti kila kimoja kina mwendo wake. Ukilioanisha goti zima kwa pamoja, paja litakaa sawa na muundi utabaki upande. Kwa hiyo mimi huoanisha kila mfupa peke yake, nikiufuata mwili wa mfupa na kuziacha kingo, maana kingoni ndiko vijipembe vya mfupa huota ugonjwa unapoendelea.

Zipo njia zenye nguvu zaidi, zinazoiruhusu picha kuvutwa na kubanwa mahali mahali. Nazipenda ninapolinganisha watu tofauti, kwa mfano katika ule mradi wa Marekani wa kufuatilia atrozi ya goti, Osteoarthritis Initiative, ulioanza kuandikisha watu 2004 ukafikisha 4,796, wa miaka 45 hadi 79. (Goti la kushoto hugeuzwa kwanza kama kwenye kioo, lifanane na la kulia.) Kwa mtu mmoja anayefuatiliwa miaka, nazihofia. Programu italivuta gegedu lililochakaa mpaka litoshane na lile la zamani. Ukitafuta tofauti kati ya picha, huioni. Uchakavu umehamia ndani ya ule mvuto, na hapo inabidi upime mvuto wenyewe.

Lakini wengi wanaokuja kwangu wana radio tu. Radio ni kivuli bapa. Hakuna programu itakayolinyoosha goti lililopigwa vibaya. Kazi ya kuoanisha hufanyika chumbani, kabla ya kubonyeza kitufe. Mgonjwa asimame, uzito uwe miguuni, kwani akilala nafasi ya kiungo huonekana pana zaidi. Magoti na mapaja yaguse kaseti (kibao kinachopokea picha), ncha za vidole vya miguu ziwe usawa wake, nyayo zigeuke nje kidogo, mionzi ipigwe kutoka nyuma ikiinama nyuzi 10. Kisha nyayo zichorwe kwenye karatasi, tarehe iandikwe, na karatasi ihifadhiwe pamoja na picha ili safari ijayo asimame juu ya michoro ileile. Fundi akisema hana muda wa kuchora, mwombe kalamu, uchore mwenyewe.