Je, wajua saa janja inawezaje kuwa ushahidi, na askari afundishwe nini kuihusu?

Pale Mwanjelwa, Mbeya, kwenye meza za wauza kava na chaja, siku hizi hukosi saa janja. Wengi tunainunua ili kuhesabu hatua na kuangalia mapigo ya moyo. Tusichokifikiria ni kwamba saa hiyo inaandika kumbukumbu mchana na usiku, na kumbukumbu hizo zinaweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa na kifungo.

Kwa wenzetu imeshatokea. Nchini Uingereza, polisi waliopekua nyumbani kwa Mark Fellows walichukua saa yake ya mazoezi, Garmin. Walikuta imehifadhi safari ya Aprili 2015, miezi michache kabla ya mtu kuuawa kwa risasi huko Salford. Ilielekea karibu na nyumba ya marehemu. Mwanzoni kwa kasi ya baiskeli, kisha kwa mwendo wa miguu. Upande wa mashtaka ulisema alikuwa akikagua njia. Januari 2019 alihukumiwa kifungo cha maisha. Huko Connecticut, Marekani, Richard Dabate alidai kwamba jambazi alivamia nyumba yao Desemba 2015 akamuua mkewe. Kifaa cha Fitbit cha mama huyo kilionyesha bado anatembea wakati ambao, kwa maelezo ya mume, alishakufa. Mwaka 2022 Dabate alipewa miaka 65.

Saa inajuaje yote hayo? Ndani mna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono. Upande unaogusa ngozi una taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga huo, na kila moyo unapopiga kiasi cha damu mkononi hubadilika, hivyo mwanga unaorudi nao hubadilika. Baadhi zina GPS pia. Taarifa hizo huandikwa pamoja na muda wake, huenda kwenye simu kwa Bluetooth, kisha kwenye seva za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Kwa hiyo ushahidi unakaa sehemu tatu, na mpelelezi anayeiangalia saa peke yake ameacha mbili.

Mimi ningeanza mafunzo na suala la muda, kwa sababu hapo ndipo mtu asiye na hatia anaweza kufungwa. Seva nyingi hutunza kumbukumbu kwa muda wa kimataifa, UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Chukua mfano: kumbukumbu inasema 18:40. Simu ya marehemu ingeonyesha 21:40. Bibi jirani, pale Uyole, anamwambia askari kwamba alisikia kelele saa tatu na dakika arobaini usiku. Wote watatu wanataja dakika ileile! Askari asiyelijua hilo atasoma 18:40 kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, aseme bibi anadanganya, amwache mhusika na kumshika aliyepita pale jioni. Kila maelezo ya shahidi na kila karatasi ya kumbukumbu iandikwe ni saa ya mfumo gani, na saa yenyewe ilinganishwe na saa sahihi siku inapochukuliwa, maana huweza kuwa mbele au nyuma.

Linalofuata ni kujua mipaka ya namba. Hatua 800 si lazima mtu awe ametembea. Anayelima kwa jembe anatikisa mkono, na kifaa kinaweza kuhesabu. Anayesukuma toroli ameshika mipini, mkono umetulia; kinaweza kumpunja. Baridi ya Juni na Julai hupunguza damu kwenye ngozi, na usomaji wa mapigo unaweza kuyumba. Darasani ningeweka ndizi ya Tukuyu mezani na kuifunga saa. Baadhi ya saa zitaonyesha mapigo ya moyo, na ndizi haina moyo. Anayeliona hilo kwa macho yake hatasimama kizimbani na kuapa kwamba namba ya saa ni ukweli mtupu. Tena saa inasema habari za kifaa, haimtaji aliyekivaa. Ndugu huazimana saa.

Eneo la tukio, askari wa kwanza kufika ndiye anayeokoa au kuharibu, na mara nyingi ni askari wa kituo kidogo, si mtaalamu kutoka makao makuu. Apige picha kabla ya kugusa: ipo mkono gani, mkanda umebana kiasi gani. Asiifute, kwa kuwa mkandani panaweza kuwa na damu au jasho la mtu mwingine. Asibonyezebonyeze. Aizuie isiwasiliane, kwani data huweza kufutwa kwa mbali. Mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi ukikosekana, tabaka kadhaa za foili ya jikoni husaidia. Na asichelewe: bangili nyingi za mazoezi hutunza undani wa siku chache tu, na kutoka kijijini Makete hadi maabara ni safari.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, ila mahakama hupima jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haikuchezewa. Mahakama ya Rufani nayo, katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, ilieleza umuhimu wa kuandika kila mkono uliopokea kielelezo, tangu kukamatwa hadi kufika mahakamani. Saa iliyolala siku mbili kwenye droo bila maandishi inampa wakili wa utetezi hoja nzito.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito. Saa ya mwanamke huenda ina tarehe zake za hedhi, usingizi wake, kila mahali alikopita mwaka mzima. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mpelelezi afundishwe kuandika kwenye maombi yake ya data: kuanzia saa hii hadi saa ile, mapigo na mwendo, basi. Kama tukio lilikuwa la usiku mmoja, aombe usiku huo.