Bibi ana saratani: tumtie moyo vipi? Maswali ya familia na majibu

Maswali haya ni ya familia zinazomuuguza mzee nyumbani. Tumechukua mfano wa bibi mwenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula, maana ugonjwa huu umewashika wengi Afrika Mashariki, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitali wakati hata ugali haupiti.

Daktari ametuambia sisi, bibi hajui. Tumfiche?

Wengi huficha kwa mapenzi. Lakini mwili ni wake, anausikia. Bibi aliyepelekwa hospitali ya Ocean Road au Bugando, akakaa benchi moja na wagonjwa wa saratani, kisha akaambiwa "ni vidonda vya tumbo tu", hadanganyiki. Atanyamaza, nanyi mtanyamaza, kila mmoja akilia chumbani kwake.

Anzeni kwa kumuuliza: "Bibi, daktari alikwambiaje? Ungependa kujua zaidi?" Akijibu "hayo ongeeni na baba yenu", hilo nalo ni jibu, liheshimuni. Akitaka kujua, aambiwe kidogo kidogo na mtu anayemwamini. Wazee wana mambo ya kuweka sawa: shamba, deni, mtoto waliyekosana naye miaka. Mkimficha, mnamnyima nafasi hiyo.

Kila tukimwambia "utapona tu", anageukia ukutani. Kwa nini?

Pengine anaumwa. Mtu aliyekesha kwa maumivu hatiwi moyo kwa maneno, kwa hiyo tulizeni maumivu kwanza. Ulizeni hospitali kuhusu tiba shufaa, huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa hata pale ugonjwa wenyewe hauponi. Kwa maumivu makali hutumika mofini ya maji, ambayo kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Nchini Uganda imetumika majumbani tangu miaka ya 1990, na tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika.

Kuna ndugu huikataa: "hiyo ni ya kumaliza watu." Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimuui mgonjwa wala haimgeuzi teja. Kusinzia na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo ndiko hakupungui, hivyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Msiongeze kipimo wenyewe, wala msiikatishe ghafla.

Akishatulia, acheni ahadi msizoweza kuzitimiza. "Tupo, bibi. Leo nini kinakusumbua zaidi?" yatosha.

Hali chochote. Tumlazimishe?

Hapana. Mpeni uji mwepesi au supu iliyochujwa, kijiko kidogo kidogo, akiwa ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa hivi. Akipaliwa kila anapomeza, mrudisheni hospitali. Wapo wanaowekewa mrija maalumu ndani ya umio ili njia ifunguke. Ulizeni kama unamfaa.

Na sala?

Sala ina nguvu kubwa, mradi iwe ile anayoitaka yeye. Kuna bibi anayetaka kusomewa Yasini kwa sauti ya chini, na kuna anayetaka rozari yake tu mkononi. Muislamu mgonjwa ana ruhusa ya kusali ameketi au amelala, kutayamamu, yaani kujitakasa kwa udongo safi, maji yakimdhuru, na kutofunga. Wazee wengi husononeka sana Ramadhani ikiwapita. Mwiteni shehe amweleze mwenyewe, maana mjukuu hata aseme nini, kwa bibi bado ni mtoto. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa si wa kumuaga mtu: hutolewa kwa mwenye ugonjwa mzito, na unaweza kurudiwa. Msingoje dakika za mwisho kumwita padri.

Ila saa mbili za maombi ya spika chumbani zinamchosha. Na yeyote anayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani, msindikizeni mlangoni kwa adabu, upesi.

Wajukuu wadogo waingie?

Waingie, saratani haiambukizwi. Wenye mafua wasubiri nje, hasa kama bibi yuko kwenye tiba ya kemikali. Mpeni bibi nafasi ya kuwa bibi: aulizwe bei ya mahari, aamue mzozo wa mpaka wa shamba, amfundishe mtoto majina ya babu zake. Aliye Muscat au Minnesota apige simu saa ambayo dawa imeshamtuliza, aongee kwa kifupi, na asianze kwa kulia.

Na yule binti anayelala naye kila usiku, mnayemsifu kwa "Mungu atakulipa", naye amechoka. Pangeni zamu kwa majina kwenye kundi la familia la WhatsApp, na wajomba wamo.