Breki za SUV ndogo: tunayoamini, na yanayotokea kweli pale gurudumuni

Kuna vitu kwenye gari mtu unavumilia hata miezi, AC haipoozi, kioo kimekwama katikati, redio imekufa, unaendelea na maisha. Breki hapana. Na kinachoniuma ni kwamba breki hizo hizo ndo zimezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi kuliko kifaa kingine chochote. Nimeendesha SUV ndogo miaka kadhaa sasa, nimeongea na wenye magari ya aina hii wengi tu, malalamiko yanafanana: usukani unatetemeka ukipunguza mwendo, breki zinalia asubuhi, pedi za nyuma (vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu) zimeisha kabla ya za mbele, pedali inazama, taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, imegoma kuzima. Matatizo yenyewe ni ya kweli kabisa, tunapokosea ni kwenye sababu, na ukishakosea sababu unabadilisha kifaa kizima alafu kibovu unakiacha palepale.

"Usukani ukitetemeka ukikanyaga breki, diski imepinda"

Hii niliiamini na ikanimaliza. Gari langu likifika 90 hivi, nikigusa breki tu usukani unaanza kucheza mikononi na pedali inadunda chini ya mguu. Nikaambiwa diski zimepinda kwa joto, zikaskimiwa, yaani zikakwanguliwa kwa mashine ziwe sawa, zikatulia wiki tatu, ikarudi. Zikaskimiwa tena. Mara ya tatu nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka, huyu hakuitazama hata sura ya diski, aliichomoa akaiweka pembeni akaniita nisogee. Pale kwenye habu, uso ambao diski inaukalia, kulikuwa na kutu imejijenga kama magamba, upande mmoja nene kuliko mwingine. "Bosi, diski haina kosa, inakalia uchafu." Akasugua na brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akarudisha diski, akaweka kile kipimo cha mshale, akawa anaizungusha taratibu kwa mkono huku mshale haucheziki. Kabla hajasafisha ulikuwa unapanda na kushuka kila mzunguko.

Ukweli wake ni huu. Diski ya chuma kujikunja kama kifuniko cha plastiki juu ya jiko ni nadra sana. Kinachotokea mara nyingi ni diski kukaa imeinama kidogo mno, kwa hiyo kila ikizunguka inagusa pedi sehemu ileile hata kama hujakanyaga breki, ile sehemu inalika kidogo kidogo, au pedi inaiachia tabaka lake, mpaka unene wa diski unakuwa haulingani. Tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha mguu wako kuisikia. Na inayoiinamisha ni kutu kwenye habu, au nati za tairi zilizokazwa kwa mashine ya upepo bila kipimo, moja imebanwa kupita kiasi, ya jirani iko legelege. Kingine ni kushuka mlima mrefu, breki zimechemka, alafu unasimama na kuendelea kukandamiza pedali, ile pedi ya moto inabaki imeegemea sehemu moja ya diski na kuacha alama yake pale.

Ndo maana kuskimu peke yake kunatuliza alafu tatizo linarudi, na kila ukiskimu diski inakonda. Diski nyingi zina namba imechongwa pembeni au katikati, imeandikwa MIN TH na milimita zake, chini ya hapo haifai tena. Kabla hujaruhusu mtu akuskimie mwambie apime kwanza mbele yako, na habu isafishwe.

"Breki ikilia, pedi zimeisha"

Inaweza kuwa hivyo. Pedi nyingi zina kijichuma kidogo kilichowekwa makusudi, pedi ikikaribia kuisha kinagusa diski na kupiga filimbi nyembamba, hiyo usiipuuze. Lakini kulia kwa asubuhi baada ya mvua au baada ya kuosha gari, kunakoisha ukishapiga breki mara tatu nne, ni kutu laini tu ya juu ya diski inasuguliwa. Na kulia kwingine ni mtetemo: pedi inatikisika kasi sana ndani ya kalipa, kile kifaa kinachozibana kwenye diski, kwa sababu vile vibanio na vibati vya nyuma ya pedi havikurudishwa siku pedi zilipobadilishwa, au vilirudishwa vya zamani vimelegea. Pedi mpya kabisa, za bei kubwa, zinalia kwa kibati kilichobaki sakafuni gereji.

Ya kuogopa ni sauti nzito ya kusaga, chuma kwa chuma. Hiyo gari isiendelee na safari.

"Pedi za mbele ndo huisha kwanza, za nyuma ni za kusindikiza"

Kwa magari ya zamani ni kweli kabisa, uzito unakimbilia mbele ukifunga breki, mbele ndo panafanya kazi kubwa. Ila SUV ndogo za kisasa zimewashangaza wengi, za nyuma zinatangulia. Sababu moja ni kwamba kompyuta ya gari inagawa breki yenyewe, inaipa nyuma kazi zaidi ili gari lisibonyee pua, na ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze nao unatumia breki za gurudumu moja moja bila wewe kujua. Alafu pedi za nyuma zenyewe ni ndogo, nyama yake haikuwa nyingi tangu mwanzo.

Sababu ya pili ndo inauma zaidi kwa sababu inazuilika. Kalipa inateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka grisi au zikiingia maji kwa kimpira kilichochanika, kalipa haitelezi tena, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake. Niliwahi kushika pedi mbili za gurudumu moja mkononi: ya nje ilikuwa na karibu milimita 6 bado, ya ndani imebaki bati tupu na mistari ya diski imejichora juu yake. Na ukichungulia kupitia rimu unaona ya nje tu! Kwa hiyo yule anayekagua kwa kuchungulia anakwambia pedi bado ziko vizuri, anakudanganya bila kujua. Pedi ikifika milimita 3 badilisha, na kila mara pini zichomolewe, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki, sio grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli, ile inavimbisha mpira na pini inakwama upya.

Na kama gari lako hendibreki yake ni ya kitufe, usikubali mtu aingize pistoni ya nyuma kwa klampu kwa nguvu. Ndani kuna mota. Inabidi iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo, kwa mashine ya kompyuta au kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ukilazimisha unavunja mota na unaondoka na tatizo ambalo hukuja nalo.

Wenye haibridi nao wanaambiwa breki zao hazihitaji kuangaliwa kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Pedi kweli zinadumu, lakini diski isiyosuguliwa inaota kutu na pini zisizotembea zinaganda. Zichunguliwe kama za wengine tu.

"Mafuta ya breki yakipungua ongeza, yakiwa yamejaa hakuna shida"

Hapa pana dhana mbili kwa pamoja na zote mbaya. Pedi zinapolika pistoni zinasogea mbele, mafuta yanafuata nyuma yake, kwa hiyo kwenye kikopo yanashuka taratibu. Hiyo ni kawaida. Ukiongeza mpaka juu, siku ya pedi mpya pistoni zinarudishwa ndani na mafuta yanafurika, yanababua rangi ya gari. Yakishuka ghafla ndani ya siku chache basi yanavuja mahali, kuongeza hapo ni kuficha tatizo.

La pili: kikopo kujaa hakusemi kitu kuhusu uzima wa mafuta. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hayo ni madaraja ya mafuta ya breki, zinanyonya maji kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limepaki. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Sasa fikiria gari la kilo 1,600 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, joto linalotoka hapo linatosha kuchemsha karibu lita 2 za maji kutoka ubaridi wa kawaida, kwa kusimama mara moja tu. Kutoka 50 ni robo yake, sio nusu. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, pedali inakwenda chini na gari halisimami. Halafu yakipoa pedali inarudi kama kawaida na dereva haaminiwi akisema breki zilikataa. Badilisha kila miaka 2 au kadiri kitabu cha gari kinavyosema, na usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni, kitu kingine kabisa licha ya namba kufanana.

"Pedali ikiwa mbaya toa upepo tu"

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki kunatibu pedali laini kama sponji, ile inayoimarika ukipampu. Pedali inayozama polepole ukiwa umesimama kwenye taa na mguu juu yake, wakati hakuna mafuta yanayovuja nje, mshukiwa ni masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, mipira yake ya ndani inapitisha. Na pedali ngumu kama jiwe ni busta, kile kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu, au mpira wake wa hewa. Kwa busta ya kawaida pima mwenyewe: injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia hapohapo, washa gari. Pedali ikishuka kidogo busta inafanya kazi, isiposhuka kabisa umeshapata pa kuanzia.

Gari kuvuta upande mmoja nako kunachanganya wengi. Linavuta upande ambao breki inashika zaidi, kwa hiyo ukikanyaga likaenda kulia, mgonjwa anaweza kuwa wa kushoto asiyefanya kazi. Kama linavuta hata hujakanyaga na rimu moja inatoa joto kuliko nyingine, kalipa imeng'ang'ania au mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umeziba kwa ndani, presha inapita kwenda na hairudi. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

"Breki ikitetema na kunguruma ghafla, achia mguu" na "fowili husimama haraka"

ABS ikifanya kazi pedali inakusukuma mguu na kuna mngurumo. Iko kazini. Usiachie, usipampu, kandamiza na elekeza gari unakotaka, ndo kazi yake, kukuachia usukani. Kwenye changarawe inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Ila ikiamka kila siku ukiwa kwenye 10 kwa saa, lami kavu, unakaribia tu kusimama, hapo ni sensa ya gurudumu chafu au pete yake imeota kutu. Na fowili, yaani injini kuzungusha magurudumu yote manne, inasaidia kuondoka kwenye matope, kusimama haisaidii, kila gari lina breki magurudumu yote manne.

"Gari likishapaki na kuzimwa, breki hazina hatari"

Natamani hii wengi waijue. Septemba 2020 huko Marekani Hyundai iliita zirudi kutengenezwa karibu Tucson 180,000 za 2019 hadi 2021, kwa sababu moduli ya ABS ingeweza kupata kutu kwenye saketi, kupiga shoti na kuwaka moto hata injini ikiwa imezimwa, wenye magari wakaambiwa wapaki nje mbali na nyumba. Septemba 2023 Hyundai na Kia wakaita zaidi ya milioni 3 kwa hatari ya moto ya moduli hiyohiyo, Santa Fe na Sportage zikiwemo. Na mwaka 2019 Subaru iliita zaidi ya milioni 1, Forester zikiwemo, kwa swichi ya taa za breki kuharibiwa na mvuke wa silikoni unaotoka kwenye vitu kama dawa za kung'arisha: taa za nyuma haziwaki, na gari linalowashwa kwa kitufe linakataa kuwaka kwa sababu halijui kama umekanyaga breki. Chukua namba ya chesisi ya gari lako, iangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza kama liliitwa. Kama liliitwa na halijatengenezwa, hata ukilinunua mkononi mwa mtu bado limo kwenye orodha.

"Pedi mpya, sasa naweza kukimbia"

Bado. Pedi mpya na diski havijazoeana. Tafuta barabara tupu, punguza kutoka 60 hadi 10 kwa mkandamizo wa wastani, mara 8 au 10, ukiachia nafasi ya kupoa katikati na bila kusimama kabisa. Na kabla ya yote hayo, gari likiwa bado gereji, pistoni zimerudishwa ndani kabisa na mkanyago wa kwanza unakwenda hadi sakafuni bila kukamata kitu. Kanyaga mara kadhaa mpaka pedali ipande na iwe imara, ndipo uingize gia.