Je, wajua nguvu za ajabu za mashujaa hutoka wapi na husambaaje?

Kijana mmoja anayechora katuni hapa Dodoma alinionyesha shujaa wake: binti wa wilaya ya Bahi anayenyanyua ng'ombe kwa mkono mmoja. Mchoro ni mzuri sana, ila hakujua nguvu zile zimetoka wapi, wala kama mdogo wake binti naye atazipata.

Mashujaa wa hadithini huzipata kwa njia nyingi, lakini mbili zinatosha hapa. Spider-Man, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1962, aliumwa na buibui mwenye mionzi. Hiyo ni ajali. X-Men, wa mwaka 1963, huzaliwa na nguvu zao, na mara nyingi hujitokeza wakati wa balehe. Mimi naipenda njia hii ya pili, maana ndani yake mna ukoo, ndoa, na ndugu aliyekosa. Tena, imeshatokea kweli kwa wafugaji wa Afrika Mashariki.

Mtazame mzee wa Kigogo anavyomaliza kata nzima ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, akajifuta mdomo na kuwafuata ng'ombe wake. Kila mtoto mchanga ana kimeng'enya, yaani protini ya kuvunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani, kimeng'enya hicho hupungua baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Ukubwani maziwa freshi huwaletea gesi na kuharisha. (Mgando una nafuu, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari.)

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba herufi moja tu ya DNA (maandishi ya urithi mwilini) ilibadilika, kimeng'enya kikaendelea kutengenezwa hadi uzeeni. Badiliko hilo lina umri wa takriban miaka 3,000 hadi 7,000. Wazungu wana lao, tofauti kabisa: nguvu ileile, ikazuka zaidi ya mara moja, mahali tofauti.

Lilisambaaje? Kwa kuzaa tu. Aliyeweza kunywa maziwa alipata chakula pale wengine walipokosa, akaacha watoto wengi zaidi. Nakala moja ya jeni iliyobadilika, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha.

Basi kama nguvu za binti wa Bahi zinarithiwa hivyo, na mama yake ana nakala moja huku baba hana, mdogo wake ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Nilimwambia kijana arudi kwanza akamchore mama.