Springi Ngumu Haziongezi Uzito Unaoruhusiwa wa Pikapu

Wamiliki wa pikapu zilizofungwa vifaa vya safari ndefu wakiambiwa gari limezidi uzito, wengi huanza na utetezi uleule: "Lakini nimeshabadilisha springi." Springi ngumu huinua mkia wa gari uliokuwa umelala. Haziongezi hata kilo moja kwenye uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibati. Ukomo huo umezingatia pia breki, chesi, ekseli na matairi. Pale ambapo sheria inaruhusu kuubadilisha, marekebisho lazima yakaguliwe, yaidhinishwe na yaingizwe kwenye hati za gari. Risiti ya fundi si idhini.

Chukua gari lenye ukomo wa kilo 3,050 na uzito mtupu wa kilo 2,050. Zimebaki 1,000, ambazo wengi hudhani ni za mzigo wa bodi ya nyuma peke yake. Sivyo. Hata wewe na mwenzako mmo humo. Kifuniko cha bodi kilo 80, droo 70, hema la juu 60, bampa la chuma na winchi 100, betri ya pili 25, maji lita 80, dizeli ya akiba lita 40 ambayo ni kama kilo 34, watu wawili 150: tayari ni 599, na friji, zana na chakula bado. Ukivuta tela la kilo 1,200, sehemu ya uzito wake inayokalia ndoano, mara nyingi karibu asilimia 10, nayo ni mzigo wa pikapu. Ongeza 120.

Jumla ikiwa sawa, ekseli inaweza kuwa imezidi. Kilo 100 za tairi la akiba na madumu zikining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, huielemea ekseli hiyo kwa kilo 140 na kuipunguzia ya mbele 40. Usukani unakuwa mwepesi, na kuna wanaofurahia wepesi huo! Vitu vizito vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Pima gari likiwa tayari kwa safari: tangi limejaa, maji yamo, abiria wamekaa. Pandisha kwenye mizani magurudumu ya mbele pekee, kisha gari zima, kisha ya nyuma pekee. Mizani iwe usawa mmoja na ardhi inayoizunguka. Namba za mbele na nyuma zikijumlishwa zikapishana sana na ile ya gari zima, rudia. Tunza karatasi.

Ukisimamishwa, afisa hulinganisha kibati na kipimo cha mizani. Kuzidisha ekseli moja ni kosa hata kama jumla haijavuka ukomo. Viwango vya faini hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwingi hupanda kadiri uzito unavyozidi. Kulipa faini hakukupi ruhusa ya kuendelea: unaweza kuamriwa upunguze mzigo palepale na upimwe tena. Ajali ikitokea, bima inaweza kukataa dai.

Kuhusu keria ya paa, ukomo unaotangazwa kwa gari lililosimama si ule wa gari linalotembea, na kwenye njia mbovu watengenezaji wengi huushusha zaidi. Hema lenyewe linahesabiwa.