Barua ya shule ya kiangazi huandikwa theluji ingali chini

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili, simu za dawati letu la wazazi hazipoi. Mzazi kaikuta barua ndani ya begi la mtoto, imekunjwa mara nne, ina doa la juisi, Kiingereza mbele, Kihispania nyuma. Anachokitambua ni jina la mwanawe tu. Wapo wanaouliza kwa sauti ya chini, kama wanaoulizia majibu ya hospitali: "Amefeli?" Wapo wanaouliza ni dola ngapi. Na wapo wasiouliza kitu. Barua inabandikwa kwenye friji, siku ya mwisho ya kuandikisha inapita, na Juni inamkuta mtoto kwenye kochi na simu mkononi.

Makala haya ni ya wazazi wanaosema Kiswahili walioko Marekani, hasa waliofika miaka ya karibuni kutoka Kongo, Burundi, au kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Nitaeleza shule ya kiangazi ni kitu gani, lakini zaidi nitaeleza nani anaiamua na anaiamua lini, maana hapo ndipo wengi wetu tunaachwa na basi.

Tatizo linaanzia kwenye mazoea tuliyokuja nayo. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza twisheni ya likizo. Tanzania twisheni ipo, na mzazi anailipia. Kongo, kabla ya shule za msingi za serikali kutangazwa bure mwaka 2019, mzazi aliulizwa minerval (ada ya shule) na prime ya mwalimu (nyongeza ya mshahara wake) karibu kabla ya kuulizwa jina la mtoto. Mtu wa namna hiyo akiona barua ya masomo ya likizo, anasikia harufu ya bili. Hapa mambo ni tofauti: kwa watoto wa shule za msingi, wilaya nyingi za shule za umma huendesha masomo ya kiangazi bila ada, chakula kikiwemo, na mara nyingi na basi.

Barua zenyewe si za aina moja, na ni vizuri kujua umeshika ipi. Iliyo ya kawaida kabisa ni mwaliko: mtoto yuko nyuma kidogo katika kusoma au hesabu, shule ina nafasi, mlete. Huo si mwito wa polisi, unaweza kuukataa. Ya pili ni ya mwanafunzi wa sekondari aliyeanguka somo fulani na anahitaji kulirudia ili apate alama za kuhitimu. Hiyo ukiipuuza, mwaka wa mwisho mtoto atajikuta ana upungufu wa somo la darasa la tisa wakati wenzake wanapima majoho. Ya tatu inahusu watoto wenye ulemavu. Kama mwanao ana mpango maalumu wa elimu, ule unaoitwa IEP, kikao cha mpango huo ndicho kinachoamua kama anahitaji huduma wakati wa likizo ili asipoteze alichojifunza, na ikiamuliwa anahitaji, huduma hiyo ni bure kwa sheria ya taifa. Hiyo si shule ya kiangazi ya kawaida, hata kama inafanyika jengo lilelile. Usikubali kuambiwa "nafasi zimejaa."

Kuna majimbo ambako mwaliko una meno. Tennessee ilipitisha sheria Januari 2021, ikaanza kuuma mwaka wa masomo wa 2022–23: mtoto wa darasa la tatu asiyefikia kiwango katika mtihani wa jimbo wa kusoma anaweza kukaririshwa darasa. Moja ya njia za kujinasua ni kuhudhuria masomo ya kiangazi kwa angalau asilimia 90 ya siku na kuonyesha maendeleo. Wapo wanaosamehewa, wakiwemo watoto wanaojifunza Kiingereza ambao hawajafikisha miaka miwili ya kufundishwa lugha hiyo. Nawaambia wazazi wa Nashville na Memphis: muulizeni mwalimu mapema kama mtoto wenu ni miongoni mwa hao. Nimeona familia ikighairi safari ya harusi kwa woga wa sheria isiyomgusa mtoto wao, na nimeona nyingine ikisafiri huku inamgusa.

Sasa tuje kwa wenye maamuzi. Marekani haina ofisi moja mfano wa wizara ya elimu kule Dodoma au Jogoo House ya Nairobi inayopanga mihula ya nchi nzima. Katiba ya taifa haitaji shule hata mara moja. Wizara ya elimu ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na fedha zinazotoka Washington kwa kawaida ni karibu asilimia 10 tu ya matumizi ya shule. Nyingine zote ni za jimbo na za kodi za mahali, hasa kodi ya majengo na ardhi. Kwa hiyo kodi ya nyumba unayolipa kwa mwenye nyumba, ndani yake kuna shule. Anayesema "sisi wapangaji hatuchangii" hajapiga hesabu vizuri.

Madaraka ya kila siku yamewekwa kwenye wilaya za shule, ambazo nchi nzima ni takribani 13,000. Hawaii peke yake ndiyo jimbo lote kuwa wilaya moja. Wilaya ya shule haina uhusiano wa lazima na mipaka ya mji. Unaweza kuhamia ng'ambo ya barabara, anwani ikabaki mji uleule, na mtoto akawa chini ya wilaya nyingine yenye kalenda nyingine.

Juu ya wilaya kuna bodi ya shule. Tafadhali usiifananishe na kamati ya shule ya kijijini, ile inayokaa darasani Jumamosi kujadili choo na madawati. Bodi ya Jefferson County, yaani Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa sana majumbani mwa wanafunzi baada ya Kiingereza, ina wajumbe saba wanaochaguliwa kwa miaka minne bila vyama, na inasimamia shule za watoto zaidi ya 90,000. Bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu na kumfukuza, inapitisha bajeti, inasaini mikataba ya mabasi, inaidhinisha kalenda. Mwalimu mkuu unayemlalamikia pale mlangoni, mara nyingi jambo unalomwambia hana kalamu yake.

Si kila mahali bodi inachaguliwa. New York, meya ndiye mwenye usukani tangu 2002. Chicago, meya aliteua wajumbe wote tangu 1995 hadi wananchi walipopiga kura ya kwanza Novemba 2024, wakachagua 10 kati ya 21. Viti vyote vimepangwa kuwa vya kuchaguliwa kuanzia Januari 2027. Na hapa nisisitize kitu kimoja. Karibu kila mahali kura hii ni ya raia tu. San Francisco imewaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya shule tangu 2018, lakini miji ya namna hiyo ni michache sana. Mwenye kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi asijaze fomu ya mpiga kura eti kwa sababu kijana mwenye kalamu sokoni amemwambia ni haki ya kila mzazi. Kosa hilo linaweza kuja kumsubiri siku ya usaili wa uraia.

Kura huna, lakini mdomo unao. Mikutano ya bodi ni ya wazi kwa sheria za majimbo, na katika mingi kuna muda wa wananchi kusema, dakika mbili au tatu kila mtu, bila kuulizwa uraia. California, sheria ya mikutano ya wazi ya 1953 inaitaka bodi ibandike ajenda ya mkutano wa kawaida saa 72 kabla, na tangu marekebisho ya 2016 anayesema kupitia mkalimani hupewa angalau muda mara mbili, isipokuwa pale kuna vifaa vya kutafsiri papo hapo. Mahali pengine lazima uombe, na uombe mapema.

Ukiifungua ajenda, usitafute kichwa kikubwa kinachosema "shule ya kiangazi". Kwa kawaida hakipo. Kuna sehemu inayoitwa ajenda ya ridhaa: mambo ishirini, thelathini, yanayopitishwa kwa mkono mmoja bila mjadala, kwa sababu yanahesabiwa kuwa ya kawaida. Humo ndimo kiangazi cha mwanao kinamopita. Kipengele kimoja ni malipo ya saa kwa walimu wa Juni. Kingine, kurasa sita mbele, ni mkataba wa mabasi wenye orodha ya majengo yatakayofunguliwa. Kama shule ya mtaa wenu haimo kwenye orodha hiyo, basi hakuna cha kuandikisha, hata ukiamka saa kumi ya usiku siku ya kwanza. Sekunde arobaini, "wanaokubali?", wanahamia kwingine. Mjumbe yeyote anaweza kuomba kipengele kitolewe humo na kijadiliwe, na mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu mzazi amemwandikia barua pepe siku mbili kabla.

Kura hiyo haipigwi Mei. Kwenye wilaya nyingi mapendekezo ya majengo na idadi ya nafasi huandaliwa Januari na Februari, kura inapigwa mwishoni mwa baridi, barua zinatoka Aprili. Kuna na kero ya kihasibu ambayo wengi hawaijui: mwaka wa fedha wa wilaya nyingi huanza Julai 1, kwa hiyo shule ya kiangazi inayoanza Juni na kuisha Julai inakula bajeti mbili. Wahasibu hawaipendi kabisa. Panapotafutwa pa kukata, jicho linaangukia hapo.

Na miaka hii panatafutwa. Mwaka 2021, baada ya korona, serikali kuu ilimwaga takribani dola bilioni 122 kwa shule katika mfuko mmoja, kwa masharti kwamba wilaya zitumie angalau asilimia 20 ya fungu lao kufidia masomo yaliyopotea. Ndipo shule za kiangazi zilipojaa bure, robotiki na kuogelea vikiwemo. Mwisho wa kuzipangia fedha hizo matumizi ulikuwa Septemba 30, 2024. Mzazi anayeniuliza kwa nini mwaka ule walimchukua mtoto wake na mwaka huu nafasi ni chache, jibu liko katika tarehe hiyo.

Je, masomo haya yanasaidia? Utasikia kwamba watoto wanasahau miezi mitatu ya masomo kila likizo. Ukubwa wa hasara hiyo watafiti bado wanabishania, nami sipendi kuwatisha wazazi kwa takwimu inayogombaniwa. Lenye uzito zaidi ni utafiti wa taasisi ya RAND katika wilaya tano, zikiwemo Boston na Dallas, ambako watoto waliomaliza darasa la tatu walipewa nafasi kwa bahati nasibu mwaka 2013: wiki tano, bure, chakula na usafiri juu. Walifaidika katika hesabu, na waliofaidika zaidi ni waliohudhuria siku 20 na zaidi. Mmoja kati ya watano walioandikishwa hakuonekana hata siku moja. Kwa hiyo kuandikisha peke yake hakuleti kitu. Kama mnajua mtakwenda Iowa kwa shangazi wiki ya pili, semeni mapema, nafasi apewe mwingine.

Mambo mawili ya haraka. Chakula cha kiangazi katika vituo vya wazi hutolewa kwa kila mwenye miaka 18 kushuka chini, awe anasoma kiangazi au hasomi, bila kuandikisha jina. Mpeleke mtoto ale. Na kuhusu lugha: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, 1974, ndizo msingi wa wajibu wa shule kuwafikia wasiojua Kiingereza. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi, na ubaki na nakala. Usimfanye binti yako wa darasa la sita akutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Atatafsiri anachotaka.

Februari moja nilimsindikiza mama mmoja kwenye mkutano wa bodi, mtu wa Fizi kule Kongo, kitenge juu ya koti la baridi. Tulikuwa tumeandika maneno mazuri kuhusu thamani ya elimu. Alipofika kwenye kipaza sauti, taa ya kijani ikawaka, akaikunja karatasi. "Kituo cha basi mlichoweka mwaka jana," alisema, "kiko ng'ambo ya barabara ya njia sita. Mwanangu ana miaka saba. Mimi naingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Nani anamvusha?" Mkalimani akamaliza, ukumbi ukanyamaza, mjumbe mmoja akamgeukia mkuu wa usafiri na kumuuliza swali hilohilo.

Barua ya Aprili ilipokuja ilionyesha kituo kipya, getini pa majengo yao. Ilikuwa bado Kiingereza mbele, Kihispania nyuma. Mama huyo ameniomba nimwandikie tarehe ya mkutano wa Januari.